Beringi Zisizo na Kosa

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kutupa kitu. Vifungo, vipande vya kitambaa, hata sindano zilizovunjika ncha alizihifadhi kwenye makopo. Kwa hiyo mumewe alipomaliza kubadilisha beringi za gurudumu la mbele na kwenda kuoga, yeye alizichukua zile kuukuu, akachuchumaa uani na kuanza kuziosha kwa mafuta ya taa. Huyo mumewe mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa alikwishastaafu lori miaka sita iliyopita.

Wiki nzima gari lao la zamani lilikuwa likinguruma mbele kama jiwe la kusagia, na mwendo ulipoongezeka ngurumo nayo ilipanda. Kesho alfajiri ndilo lililopaswa kumteremsha binti yao hospitali. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Daktari alikuwa amepanga siku ya kumpasua, na alisisitiza asafiri amelala kiti cha nyuma, asibanwe kwenye basi. Kati ya nyumba na hospitali kulikuwa na mteremko wa kona kumi na moja.

Grisi nyeusi ilipotoka, chuma kiling'aa. Mama Cherehani akapenyeza kidole kwenye beringi ya kwanza, akaizungusha. Ikazunguka kimya. Ya pili nayo hivyo hivyo. Akaenda kuchukua miwani yake ya kushonea, akavitazama vile viroda vidogo vinavyozunguka ndani yake kimoja kimoja. Havikuwa na kovu wala kutu. Hata vikombe vya chuma vinamokaa viroda hivyo vilikuwa laini kama kioo.

Kama hizi ni nzima, mbovu iko wapi?

Aliyelitafuta kosa ni Dereva mwenyewe. Aliendesha, akainamisha kichwa, akasema, "Kushoto. Na msinibishie, nimeshika usukani miaka thelathini na minane." Hakuna aliyembishia. Lakini sikio la kulia la Dereva lilikuwa limekufa. Kwake yeye kila sauti duniani ilitoka kushoto, iwe ya mlango, ya mvua au ya mtu anayemwita.

Mama Cherehani alilijua hilo tangu siku alipomwita mara tatu kutoka kulia asigeuke. Siku hiyo alihamia kushoto kwake, mezani, kitandani na njiani, bila kusema neno. Watoto walipomwona mama yao, nao wakahama. Hata mwenye duka la jirani huzunguka kaunta kwanza ndipo amsalimie. Ulikuwa wema mdogo wa watu wengi. Nani angefikiria kwamba siku moja ungeweza kuua?

"Mama, mbona umekaa hivyo?" binti yake aliuliza kutoka kwenye mkeka barazani, tumbo limemjaa mapajani.

"Grisi hii haitoki, mwanangu."

"Msikie Baba anavyoimba bafuni. Gari limepona kweli."

Aliimba, ndiyo. Alikuwa amelijaribu gari mtaani, lakini mtaa ulijaa matuta na lilikwenda mwendo wa jongoo. Ngurumo ile haikuanza mpaka barabara kuu. Mama Cherehani aliiona akilini kona ya saba, ile yenye ukuta mfupi, na gurudumu likitangulia peke yake. Akafumba macho. Akaliona tena.

Aliogopa gurudumu, na aliogopa kumvunjia mumewe heshima mbele ya mtoto wake. Alipima woga wote wawili pale uani, beringi mkononi, na ule wa gurudumu ukawa mzito zaidi.

Dereva alitoka na taulo begani. Mkewe akasimama kushoto kwake, kama kawaida.

"Mzee, naomba uliinue gari tena."

"Kulikoni, Fundi? Umesahau sindano chini yake?"

"Liinue tu. Upande wa kulia."

"Kulia hakuna kitu."

"Najua. Ninyanyulie."

Alimtazama usoni, na alichokiona kilimfanya atupe taulo kwenye kamba. Akasukuma mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akategemeza gari kwa gogo. Mama Cherehani akapiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya tairi, akaweka kiganja juu ya springi. Ugonjwa wa cherehani yake siku zote aliujua kwa kiganja kwenye meza kabla haujafika masikioni.

"Zungusha."

Tairi likazunguka. Springi ikatetemeka chini ya kiganja, kwa mikwaruzo, kama mchanga kwenye meno.

"Sasa weka wako. Nitazungusha mimi."

Dereva aliweka. Wakaenda kushoto, wakafanya vile vile, na kule kukawa shwari. Alirudi akaketi juu ya tairi la akiba, mikono imening'inia.

"Ni sikio," alisema.

"Sikio lipi?" Mama Cherehani aliuliza, na sauti yake ilimsaliti.

"Fundi, usinifanye mtoto. Hili la kulia. Lilikufa nikiwa bado kwenye lori."

"Ulijua?"

"Kwani sikio ni la jirani? Nilidhani wewe ndiye hujui. Kila siku nafanya ujanja ukae kushoto."

"Mimi ndiye niliyekuwa nafanya ujanja nikae kushoto."

"Kumbe ndiyo maana tunakanyagana mlangoni."

"Hata mimi huwa nahama, Baba," binti alisema kutoka barazani. "Na tumbo lote hili."

Walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Dereva alifungua gurudumu na breki, akachomoa pini, akalegeza nati, akavuta kipande kizima kinachobeba gurudumu. Beringi ya nje ilitoka vipande vipande. Kizimba chake kinachoshika viroda kilikuwa kimepasuka, na viroda vimegeuka rangi ya bluu kwa moto. Viwili vilianguka kwenye sinia, vikalia kama sarafu.

"Ingekatika kona ya ngapi?" Mama Cherehani aliuliza.

"Usiulize."

Dereva aliangusha spana mara mbili, yeye ambaye aliwahi kubeba mafuta ya petroli milimani. Mkewe hakumtazama. Alimpa nyundo, akajifanya anatafuta kitambaa, mpaka mumewe akaanza kugonga.

Duka la vipuri lilikuwa limefungwa, lakini zile kuukuu za kushoto zilikuwepo, safi, na vikombe vyake. Magurudumu yote mawili ya mbele hutumia za aina moja. Walizishindilia grisi mpya kwa viganja. Dereva akakaza nati huku akizungusha, kisha akailegeza kidogo ili chuma kipumue. Pini mpya ya akiba aliikunja Mama Cherehani mwenyewe kwa koleo, akarudi akaitazama mara tatu.

Kabla ya magharibi waliingia barabara kuu.

"Nisikilizie," Dereva alisema. Hakuwahi kumwomba hivyo.

Arobaini. Sitini. Themanini. Akaliyumbisha gari kushoto, kisha kulia. Palisikika upepo tu.

"Kimya," alisema Mama Cherehani. Hakuliamini neno lake mwenyewe.

Alfajiri walimlaza binti nyuma, mito mitatu chini yake. Mama Cherehani alikaa roho juu, kiganja kimebanwa kwenye dashibodi. Kona ya kwanza. Ya pili. Binti aliguna, naye akadhani ni gurudumu. Baada ya kona ya nne Dereva aliegesha pembeni na kuzima injini.

"Nini?" mkewe aliuliza. "Umesikia nini?"

"Nisikie kwa lipi? Shuka uguse kama linachemka."

Aligusa kwa nyuma ya mkono katikati ya gurudumu la kushoto, kisha la kulia. La kulia lilikuwa vuguvugu tu, kama shavu la mtu aliyetoka kulala. Mumewe naye akagusa, akainuka, akaitazama barabara.

"Zimebaki saba," alisema.

"Twende," alijibu mkewe, lakini alikuwa amesimama kulia kwake, na Dereva hakugeuka. Safari hii hakuhama. Alimgusa bega.

Garini aliurudisha mkono dashibodi, asiuondoe hata walipopita ule ukuta mfupi. Aliuondoa mbele ya mlango wa hospitali, wauguzi walipomletea binti yake kitanda cha magurudumu, na hapo ndipo alipogundua kwamba kiganja kilikuwa kimekufa ganzi.