Hakuna Aliyemuuliza Farasi

"Toka huko chini!"

"Subiri."

"Nimesema toka!"

"Na mimi nimesema subiri," Mingo alijibu bila kugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngama, chini kabisa ya meli, maji yamemfika mapajani, anakalafati, anashindilia nyuzi za kamba kuukuu kwenye ufa kati ya mbao mbili. Nyundo yake ya mti ilikuwa inalia tok, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. "Nikiacha hapa tunazama wote. Na wewe ndio wa kwanza, na hayo mabuti yako."

Haramia aliyesimama kwenye ngazi akayaangalia mabuti yake. Yalikuwa mazuri, ya mtu mwingine, na yamembana. Akangoja pale, bastola mkononi, kama mteja, mpaka ufa ulipozibwa na kupakwa lami.

Juu kulikuwa na jua kali na kimya. Merikebu yao, Charity, ilikuwa imetoka Newport na samaki wa chumvi, mbao na farasi, inapeleka Bridgetown, Barbados. Sasa matanga yamelegea, na ubavuni imefungiwa meli ya maharamia, nyembamba, chafu, bomba lake la kuondoa maji ya ndani linatema bila kupumzika. Mingo alilisikia hilo bomba kabla hajaiona meli yenyewe. Inavuja, akawaza. Inavuja vibaya hii.

Mabaharia wa Charity walikuwa wamepangwa mstari. Mbele yao anatembea Prosser, mtu wa Wales mwenye sauti ya upole. Kwa maharamia nahodha ni wa kupigana tu. Huyu ndiye mgawaji: anagawa chakula, anagawa ngawira, anagawa adhabu. Na kabla ya kufungua hata pipa moja, alikuwa anauliza swali lile ambalo maharamia wa bahari ile huliuliza kila wakikamata meli, na nahodha akishtakiwa ukatili hunyongwa.

"Nahodha wenu anawatendeaje?"

Nahodha Wardwell alikuwa amefungwa kwenye mlingoti, nywele zake za bandia zimeanguka miguuni, kichwa kitupu kinawaka jua. Melini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwona hivyo.

"Samaki anaotupa wana funza, mzee," alisema Tobias, baharia mwenye madoadoa usoni. "Siku hizi funza ndio kitoweo. Samaki ni wa kunukisha tu."

Maharamia wakacheka. Mwingine akafungua mdomo kuonyesha pengo la jino alilovunjwa na nahodha. Wa tatu akavua shati, makovu ya mjeledi yakaonekana mgongoni. Kila jibu lilikuwa linaisogeza kamba shingoni kwa Wardwell, na Wardwell alikuwa anajua. Prosser akafika kwa Mingo.

"Na wewe, fundi?"

"Huyo wangu!" Wardwell akapaza sauti kabla Mingo hajafungua mdomo. "Bwana, sikiliza! Huyo ni mtumwa wangu. Newport nzima hakuna anayekalafati kama yeye. Meli yako inavuja, nasikia bomba. Mchukue! Nakupa. Niachie meli yangu na roho yangu."

Bomba likaendelea. Tema, tema, tema.

Mingo hakuwa wa mtu. Alikuwa amejinunua mwenyewe, kwa kuziba mashua za watu siku za Jumapili, siku ambayo wenye mali wako kanisani. Kila mtu kwenye Charity alijua hilo. Siku Mingo alipojikomboa, Tobias alikunywa bia, akaimba mpaka sauti ikakauka. Sasa Mingo akamgeukia Tobias, na Tobias akatazama vidole vyake vya miguu. Mingo akaelewa. Akichukuliwa mmoja, wengine wanabaki salama. Mstari mzima ulikuwa unatazama vidole vya miguu.

"Basi mambo yamekwisha," alisema haramia mwenye mabuti. "Atuzibie kwanza, halafu tukamuuze Martinique. Mafundi wana bei huko."

Wengine wakaitikia. Mmoja akamshika Mingo mkono, akaanza kuuminya msuli kama anachagua viazi sokoni.

Mingo akauvuta mkono wake. Taratibu, lakini akauvuta.

"Bwana mgawaji," alisema. "Huko chini tuna farasi."

"Nimewasikia."

"Umewauliza wao nahodha anawatendeaje?"

Prosser akakunja uso. "Farasi?"

"Ndiyo, farasi. Yule mwekundu ameumwa tumbo tangu tulipotoka. Nenda kamuulize, ana mengi huyo."

Kuna aliyecheka nyuma, akajizuia.

"Hukuwauliza kwa sababu wao ni mzigo," Mingo akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Mzigo hauulizwi, unashushwa. Lakini mimi umeniuliza. Umesimama hapa mbele yangu, umeniita fundi, umeniuliza kama ulivyomuuliza Tobias. Sasa chagua. Kama mimi ni mzigo, rudisha swali lako mdomoni. Kama mimi ni mtu, huyo mzee hana cha kukupa. Anatoaje asicho nacho?"

Kicheko kikatoka kweli safari hii, kutoka meli zote mbili. "Amekushika, Prosser!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye bomba. Prosser mwenyewe hakucheka.

"Haya," alisema. "Nakuuliza, na jibu lako ndilo la mwisho. Nahodha anakutendeaje? Sema tu, tumalizane naye."

Wardwell akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, pengine anasali.

Mingo alikuwa na mengi ya kusema. Yalimjaa mdomoni kama maji ya chumvi. Lakini akamwona Prosser amemwinamia, wenzake wamenyoosha shingo, wote wanangoja awape ruhusa, na akachukia kuwa kisu cha watu wengine.

"Mmemsikia wenyewe sasa hivi," alisema. "Sitaki roho yake. Nataka aseme mimi ni nani."

"Sema," Prosser akamwambia Wardwell.

"Ni... mtu huru."

"Hatusikii huku!" wakapiga kelele wa kwenye bomba.

"Mingo ni mtu huru!"

"Mtu wa nani?" Mingo akauliza.

Wardwell akatazama nywele zake miguuni. "Wake mwenyewe."

Prosser akapiga makofi mara moja, kama anafunga mlango. "Vizuri. Sasa mtu huru, njoo kwetu. Fungu sawa na langu. Na kura sawa na ya nahodha wetu. Hiyo Newport yako itakupa lini kura?"

Haitanipa, Mingo aliwaza. Ndilo lililouma, maana Prosser alikuwa anasema kweli.

"Hapana."

"Hapana?"

"Nina mke, Dinah. Sitaki asikie nimenyongwa pamoja na ninyi. Halafu unaniomba huku jamaa yako amenielekezea bastola. Huko si kuomba."

"Naweza kukubeba kwa nguvu, kaka."

"Nibebe. Lakini nikuambie kitu kimoja cha kazi yangu." Mingo akaitazama ile meli chafu. "Kalafati mbaya haionekani. Ukiipaka lami inang'aa kama nzuri. Utaijua mkiwa mbali, upepo umepanda, hakuna nchi kavu. Sasa pigeni kura. Nani anataka kulala juu ya kazi niliyoifanya kwa bastola?"

Hakuna aliyecheka. Maharamia wakarudi nyuma, wakakaa duara, wakabishana kwa matusi ya lugha zote. Haramia mwenye mabuti aliinua mkono, Mingo achukuliwe. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaushusha.

Walichukua ramu, tanga la akiba, pipa la lami na koti la Wardwell. Prosser alikuwa wa mwisho kuvuka. "Mtu mgumu wewe," alisema, hakusubiri jibu. Meli yao ikajitenga, inatema maji, ikapotelea kusini.

Tobias alimfungua nahodha. Halafu akaja na kusimama karibu na Mingo.

"Ndugu yangu, mimi..."

"Usiniambie sasa."

"Ningesema..."

"Hukusema, Tobias."

Ilikuwa zamu ya Mingo kwenye usukani. Akaenda akaushika. Wardwell alikuwa ameokota nywele zake za bandia, anazipangusa kwa kiwiko, na polepole uso wake ulikuwa unarudi kuwa wa nahodha.

"Bridgetown," alisema. "Kusini mashariki. Na yaliyosemwa hapa yamesemwa chini ya bastola. Tumeelewana?"

Wote walielewa. Bridgetown hakuna anayemjua Mingo. Neno moja la Wardwell gatini lingetosha auzwe kama mtumwa.

Upepo ulikuwa umeanza kurudi, na Mingo akausukuma usukani taratibu, kwa uzito wa mwili wote. Mbao zikalalamika. Upande wa mbele wa merikebu ukaanza kugeuka, kuelekea kaskazini, kurudi Newport.

"Nimesema Bridgetown!"

Tobias akaacha alichokuwa anafanya. Akaitazama kamba ya tanga kubwa, akaishika, akamtazama Mingo usoni. Akaanza kuvuta. Mtu wa pili akaja, na wa tatu.

Charity ikaendelea kugeuka. Kivuli cha mlingoti kikatambaa juu ya sitaha, kikapita kwenye viatu vya Wardwell, kikaenda zake.