Sauti ya Fosca Belmare

Kwa miaka kumi na miwili Italia nzima iliipenda sauti ya Fosca Belmare, na haikuwa yake. Ya kwake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, yenye lafudhi ya Comacchio, alikokuwa akikaanga samaki kiwandani kabla watu wa sinema hawajamwona. Studio za Roma zilichukua uso wake tu. Maneno aliyaingiza baadaye, kwa sauti yake mwenyewe, Iride Caponi, mwanamke mfupi wa mtaa wa Testaccio ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Aprili 1954 redio ilimwalika Fosca mbele ya watu, moja kwa moja hewani. Mtayarishaji wake, Sbrana, akapanga mambo. Iride angekaa nyuma ya pazia na kipaza sauti, Fosca angekaa mbele na kingine kilichokatwa waya, akichezesha midomo. Maswali na majibu yote yalikwishaandikwa.

"Ukitoa hata mguno," Sbrana alimwambia, "nakurudisha kwenye makaango."

"Na nikipiga chafya, bwana mkubwa?"

"Usinichezee, Fosca."

Iride alikuwa amekunja karatasi hadi ikalowa jasho. "Sikiliza pumzi yangu, shoga. Nikivuta, nawe vuta."

Maswali matatu yakapita salama. La nne halikuwemo kwenye karatasi. Mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi alisimama katikati ya ukumbi, na mtangazaji, kwa kuona huruma, akamruhusu.

"Mwanangu alifia vitani Urusi," mama alisema kwa sauti ndogo. "Picha yako ilikuwa mfukoni mwake. Nitajie jina lake tu, kwa ile sauti aliyoipenda. Anaitwa Olindo."

Fosca alisubiri pumzi nyuma yake. Haikuja. Iride hakuwa amelisikia jina. Pembeni Sbrana alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, uso umemwiva. Mama bado amesimama.

"Olindo," Fosca akasema.

Lilitoka kama gogo linaloburutwa. Mtu akacheka. Mtangazaji, amepigwa na butwaa, akamsogezea kipaza sauti chake.

"Hii ndiyo yangu, mama. Nisamehe. Ile aliyoipenda mwanao ni ya Iride Caponi." Akainuka, akavuta pazia. "Iride, anaitwa Olindo."

Iride alipepesa macho kwenye taa. Kisha akalitamka jina taratibu, na yule mama akaketi akilia.

Kesho yake Sbrana alivunja mkataba, na magazeti yakamwita Fosca mchuuzi wa samaki. Hayo aliyatarajia. Hakumtarajia Iride, aliyemngoja mlangoni na koti mkononi.

"Hukuniuliza," Iride alimwambia. "Nilijificha vizuri pale. Sasa hata mwuza nyama ananiomba nimsemee maneno ya mapenzi."

"Mama yule alikuwa anasubiri, Iride."

"Najua. Ila hukuniuliza."

Hawakuzungumza kwa miaka miwili. Fosca alikaa bila kazi mpaka mwongozaji mmoja kijana alipotaka mtu wa kuigiza mama mwenye duka, mkali, asemaye kwa sauti yake mwenyewe. Dakika saba tu kwenye filamu nzima. Alikubali, na siku ya onyesho la kwanza alikaa ukumbini hadi filamu ikaisha na taa zikawashwa.

Mtu akamgusa bega kutoka safu ya nyuma.

"Irabu zako zinachechemea, shoga," Iride alisema. "Jumamosi njoo kwangu tufanye mazoezi. Nitapika."