Ngazi Ishirini na Mbili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili mtu mwingine asipate raha ya kunisemea.

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nasafisha jengo la utawala la chuo kikuu cha wazungu, huko kwetu Alabama. Ovaroli niliirithi kwa mfagiaji wa kabla yangu, kifuani imetariziwa "Sam", na tangu asubuhi ya kwanza kila mzungu akaniita Sam. Jina langu ni Cleophus Battle. Sikuwasahihisha. Ovaroli yenyewe ilinikaa vizuri.

Basi Januari ile jaji akaamuru chuo kimwandikishe Verdell Tolliver, binti wa mpiga kinanda wa kanisa letu, mweusi wa kwanza tangu jengo lile lisimame. Daftari la usajili lilikuwa linafungwa Ijumaa saa sita mchana. Akichelewa hata dakika moja, wangesema nafasi imempita, na kesi ianze upya. Alikwisha kuwangoja miaka miwili.

Mimi nikaja na mpango. Mbele ya jengo walijaa wazungu kama mia tatu, wamekunja nyuso. Nyuma kuna mlango wa chumba cha makaa, na ufunguo ninao. Unapita kando ya tanuri, unapanda ngazi ya chuma, unatokea ofisini kwa msajili kabla wale wapiga kelele hawajameza mate. Nilijiona jenerali. Hata tai ya Jumapili niliivaa ndani ya ovaroli.

Saa tano na nusu gari la wakili wake likasimama uchochoroni. Verdell akashuka na koti la rangi ya maziwa aliloshonewa na mama yake.

"Pita huku upesi, mwanangu," nikamwambia. "Nimekufagilia mpaka jivu."

"Asante, Ndugu Battle." Akachungulia ndani. "Wanafunzi wanapitia huku?"

"Yanapita makaa. Na mimi."

"Basi mimi nakwenda mbele."

"Una wazimu wewe? Mbele kuna mayai, na si ya kukaanga!"

Akacheka. Wakili hakucheka.

"Daftari ni lilelile," nikashikilia. "Mlango una kazi gani?"

"Nikishaandikwa nitakujibu. Ngazi za mbele si wewe unayezisugua? Niambie zikoje."

"Ishirini na mbili. Ya tisa jiwe lake limelegea. Usiikanyage."

Akaenda, wakili nyuma yake. Mimi nikapita kwenye makaa mbio, peke yangu, mpaka ukumbini, nikabana pua kwenye kioo cha mlango mkubwa.

Ngazi zile nilizijua kwa magoti. Sikuwahi kumwona mtu wetu akizipanda kwa miguu. Kelele zilipasua masikio: "Rudi shambani, pamba inakungoja!" Yai likampiga begani. Hakufuta. Alipanda kama mtu aendaye kanisani na muda anao, nami nikawa nahesabu kwa midomo. Sita. Saba. Nane. Akainua mguu, akairuka ya tisa, akatua ya kumi.

Katika makelele yote yale, alikuwa amebeba neno langu!

Hapo waliokuwa mbele wakanyamaza. Sijui kwa nini. Labda nao walikuwa wanahesabu.

Mlango ukafunguka, viatu vyake vikalia kwenye sakafu yangu. Nikamfuata mpaka mlangoni kwa msajili. Huyo alikuwa Bi Crenshaw, mama aliyezoea kuinua miguu nipige deki bila kuinua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tisa. Bi Crenshaw akainua macho.

"Jina lako kamili?"

"Verdell Louise Tolliver."

Akaliandika. Mkono wa mzungu ukadondosha wino pembeni. Wa Verdell ukatia saini, imenyooka kama uzi. Nimekwenda vitani, nimeona kimbunga kikibeba paa la kanisa zima, lakini sijaona kitu kikubwa kama wino ule ukikauka.

Verdell akatoka ofisini na karatasi yake. Nikampa kitambaa changu safi. Ungedhani ningenyamaza. Wapi!

"Umeona?" nikasema. "Kwa mlango wangu ungefika palepale, na koti safi."

Akawa anafuta yai taratibu. Sauti ya Bi Crenshaw ikatoka ofisini: "Sam! Njoo, kuna yai sakafuni!"

Verdell akanitazama kifuani, kisha machoni.

"Ndugu Cleophus Battle, mlango wako umeupitia miaka kumi na tisa. Humu ndani wanakuita nani?"