Punguza Nukta

Wateja walimwita Mzee Mstari, kwa sababu hakuna bango lililotoka mikononi mwake likiwa limepinda. Alikuwa na ulimi mwepesi pia. Akipita mbele ya duka lenye kibao kilichokosewa herufi, alisimama akamtania mwenye duka mpaka aone haya na kukirekebisha. Asubuhi moja, akiwa anabandua stika mezani, mkono wa kulia ukamlegea na mdomo ukaenda upande.

Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tano. Kiharusi kilikuwa kimemwachia maneno matatu tu: ndiyo, bado na punguza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walifanyia kazi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu cherehani yake, upande ule kompyuta na mashine ya kukata stika. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kugusa kipanya cha kompyuta. Lakini kazi za watu zilikuwa zimelala, na mumewe alishinda akilitazama lile pazia. Siku moja akalisogeza, akavuta viti viwili.

"Nifundishe, baba watoto."

Mashine ile haikuelewa picha. Ilifuata mistari. Kwa hiyo kila herufi ilibidi ichorwe upya kwenye kompyuta kwa nukta, na mstari wa kuziunganisha. Mama alianza na S. Akazungushia nukta moja baada ya nyingine, zimebanana kama mshono wa lesi, jumla sitini na mbili. Mashine ilipokata, S ikatoka kama imetafunwa na panya.

"Punguza," mumewe akasema.

Akabakiza thelathini.

"Punguza."

Kumi na tano.

"Punguza."

"Nikipunguza tena nitakukatia hewa tupu."

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto mpaka kwenye hanga, akashika gauni ambalo halijatiwa mikono, akapitisha kidole taratibu kwenye mkato wa kwapa. Hapo mkewe akaelewa. Kwapa halikatwi kwa alama sitini. Unaweka alama juu, chini, na pale kitambaa kinapogeukia. Mviringo unajipitia wenyewe. Akarudi kwenye S, akaweka nukta nane, akazivuta, mistari ikajipinda.

"Ndiyo," mumewe akasema.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko walivyotazamia. Mama alichora, Mzee akakagua. Jicho lake halikupotea hata kidogo. Aliona O iliyonenepa, aliona nafasi iliyozidi kati ya herufi mbili kwa upana wa uzi. Binti yao alipopiga simu kutoka mbali, mama alimwambia, "Baba yako amerudi kazini. Bado mdomo tu."

Kisha likaja bango la shule. Mama alilichora siku mbili, mumewe akalipitia herufi kwa herufi, akasema ndiyo. Likapelekwa, likapigiliwa juu ya geti. Kesho yake mwalimu mkuu akaja mwenyewe, hana raha.

"Mama, samahani. Pameandikwa Shule ya Msigi, n haipo. Watoto wanacheka tangu asubuhi."

"Kosa ni langu, mwalimu. Nitalibadilisha leo hii."

Mwalimu alipoondoka, mama alimgeukia mumewe. Huyu ndiye aliyekuwa akisimama njiani kwa ajili ya herufi moja ya mtu baki. Akamshika mkono, akamtoa nje mpaka mbele ya mlango wao, chini ya kibao alichokitengeneza mwenyewe zamani, chenye jina lake.

"Baba watoto, hapa pameandikwa nini?"

Akakitazama kwa muda mrefu. Macho yalipita juu ya kila mviringo.

"Bado," akasema, na machozi yakamtoka.

Mama alimrudisha ndani, akamkalisha, akamfuta uso kwa kipande cha kitambaa. Alikuwa ameketi naye bega kwa bega miezi yote hiyo, kumbe mwenzake alikuwa anatazama maumbo matupu, na hakuwa na neno la kumwambia kuwa hawezi tena kusoma.

Bango la shule lilitengenezwa upya jioni hiyo. Tangu siku hiyo mama alisoma kila kazi kwa sauti, mara mbili, kabla ya kuwasha mashine. Mzee aliendelea kukagua, na kazi zao zilisifiwa. Lakini zipo siku anaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, anageuka na kumtazama mkewe, anangoja.

"Hiyo ni M," mama anamwambia. "Ya mama."

"Ndiyo."

Baada ya saa moja anaweka kidole pale pale tena, anangoja. Mama anaacha kazi na kumjibu.