Koti la Mhasibu

Dada yangu ni fundi cherehani, na ana sheria moja iliyomgombanisha na nusu ya mji: ukilipa kidogo, koti litashonwa, ila mkono wa kushoto hauungwi mpaka umalize deni. Mkono huo unatundikwa ukutani na kikaratasi chenye jina. Sheria hiyo aliitunga baada ya bwana harusi mmoja kuoa kwa suti yake, akapata watoto watatu, na hadi leo hajalipa. Mimi ni mpiga pasi wake. Nimenyoosha makoti ya mkono mmoja mpaka nikaanza kuwashangaa watu wenye miwili.

Mwezi mmoja kulikuwa na jambo zito kuliko makoti. Mpwa wangu, binti pekee wa dada, alikuwa amehitimu mambo ya maabara. Mkopo wa masomo ulimbeba miaka mitatu, ukamtua njiani: karo ya muhula wa mwisho ilibaki. Hospitali ikamwita aanze kazi Jumatatu, aje na cheti. Chuo kikasema cheti hakitoki mpaka alipe.

"Mjomba, hebu niambie kama nina wazimu," alisema Ijumaa asubuhi, akishonea vifungo. "Watu wa mkopo wanasema nikipata kazi nianze kulipa. Kazini wanataka cheti. Chuoni wanataka pesa. Pesa ziko wapi?"

"Kazini."

"Basi!"

"Mimi sikusoma, na sidaiwi na mtu."

"Unadaiwa na muuza mkaa, Mjomba. Jana alikuulizia."

Dada hakucheka. Tangu Jumatano alikuwa akiiangalia cherehani yake kwa jicho la kuiuza.

Adhuhuri akaingia mhasibu wa chuo kilekile, jasho likimtiririka. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake, na koti lake lilikuwa kwetu, mkono ukutani.

"Fundi, nihurumie. Nimebakiza kidogo tu. Mshahara ukitoka nalipa."

"Sheria ni sheria, baba."

"Lakini koti bila mkono lina faida gani? Kwako halifai, kwangu halifai! Si heri unipe nivae, nikasimame na watu, halafu nilipe?"

Cherehani ikanyamaza. Mpwa wangu akainua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Hayo uliyosema sasa hivi, ndiyo niliyokuambia juzi pale dirishani kwako. Ukaniambia, 'Anayefuata!'"

Mimi nikazidi kupiga pasi kwa bidii. Pasi yenyewe ilikuwa baridi.

Mhasibu akamtazama vizuri. "Wewe ndiye wa maabara?"

"Ndimi."

Akajishusha kwenye kiti cha wateja, akajipangusa uso. "Ipo fomu," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Unasaini kulipa kidogo kidogo, sisi tunamwandikia mwajiri barua kwamba umehitimu. Cheti kinabaki kwetu mpaka umalize."

"Ipo tangu lini?" dada akauliza.

"Kabla sijaajiriwa."

"Na hamsemi?"

"Hakuna anayeuliza fomu, fundi. Wote wanaomba huruma."

"Kama wewe," nikamwambia, na dada akanikata jicho.

Kisha akainuka, akaushusha mkono wa koti ukutani. "Tusikilizane, baba. Sikununui. Fomu ni haki ya mtoto, ungempa hata kama huna koti hapa. Hili naliachia kwa hiari yangu, na deni liko palepale." Akaunga mkono ule. Miaka ishirini sijawahi kuona.

"Umelegea, dada."

"Nyamaza, tia moto pasi."

Kabla ofisi haijafungwa, mpwa wangu alikuwa ameshasaini. Jumatatu akaenda hospitali na barua yenye mhuri, amevaa viatu vya mama yake.

Mwisho wa mwezi alikuja na karatasi ya mshahara, akaitandaza kwenye meza yangu. Mkopo ulikuwa umekata chake, chuo nacho kimekata chake. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama uzi.

"Mkopo utaisha lini?" dada akauliza.

"Miaka tisa, mama."

"Tisa!"

"Mwezi uliopita mkopo haukuwa na mwisho, mama. Sasa unao."

Dada akafikiri kidogo. Halafu akamwomba aisome tena karatasi ile kuanzia juu, kwenye jina na cheo, na safari hii kwa sauti, majirani wasikie.