Mabanzi ya Mokami

Asubuhi ile Mseti alikuwa amefumba jicho moja, akiuchungulia ubao kutoka ncha moja hadi nyingine. Ulikuwa wa mgrivelia, mbichi bado, umepasuliwa shambani kwa msumeno wa mnyororo. Ubavu wake mmoja ulikuwa mnyoofu wa kuridhisha. Wa pili ulikuwa na magome yake, na ulipinda kwa nje halafu ukarudi ndani. Ubao wa namna hiyo huwezi kuusukuma hivihivi kwenye msumeno wa meza, maana unayumba, na msumeno nao unafuata kuyumba kwake. Kwa hiyo Mseti alichukua ubao wake ulionyooka, aliouita Mchungaji kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutangulia ili waliopinda wafuate, akaupigilia juu ya ule mwingine kwa misumari midogo. Akawasha mashine. Mchungaji akateleza kwenye chuma cha kuongozea, msumeno ukalia, na banzi refu lenye magome likaanguka chini. Ubao uliobaki ulikuwa umenyooka vizuri sana.

Mbao zilikuwa za Selestine, aliyekuwa anajenga nyumba ya bati jekundu upande wa juu wa kijiji na alitaka milango inayofunga. Mseti hakumuuliza miti ilikatwa wapi. Hapa Nyarero fundi anayeuliza mti umetoka wapi atashinda anaitazama mashine yake mpaka ipate kutu.

Siku iliyofuata, Mokami alifika karakana akamkuta Mseti anafagia. Alikuwa mjane wa Ezra, kaka yake Selestine, na alikuwa mtu mzima, kwa hiyo Mseti aliweka ufagio chini kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana ulichana mbao za shemeji yangu?"

"Nilianza. Nilichana mmoja."

"Basi ndio huo," alisema Mokami, akaketi juu ya gogo. "Kona yangu ya kwenye kichuguu haipo tena."

Akaeleza bila haraka. Alikuwa ameenda Kisaka kumwangalia binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta Selestine amekata miti yote ya mpakani, ile ambayo Ezra aliipanda kwa mikono yake. Hilo lilimuuma, lakini visiki vilibaki, na kisiki kinaonyesha mpaka vilevile kama mti. Jana mchana alikuwa akipalilia, akasikia msumeno wa Mseti ukilia kwa mbali. Alipoinua kichwa, visiki vya kwenye kichuguu vilikuwa vimejipanga mstari mmoja. Ng'ambo yake palikuwa na udongo mtupu wa Selestine, umelimwa tayari. Migomba yake iliyokuwa kwenye kona ile haikuonekana upande wowote.

Mseti akatazama chini. Banzi la jana lilikuwa limelala palepale lilipoangukia, na kwenye magome yake yalikuwa yamechipua majani mapana ya kijani, madogo ya kukaa kwenye kiganja.

"Migomba yako hii hapa, mama," alisema.

Mokami akainama, akahesabu mashina, akaona hakuna lililopungua. Katika karakana ile mabanzi yalikuwa ya kina mama wanaotafuta kuni. Anayewahi ndiye anayechukua, na hakuna anayelipa. Mokami alikuwa amewahi. Akasokota kanga kichwani, akajitwika banzi lake, akaondoka nalo.

Ni vizuri ieleweke miti ile ilikuwa na maana gani kwake. Mokami na Ezra walijaliwa mabinti tu, na wote wameolewa. Lakini Wakurya hawakumwacha mwanamke wa aina hiyo bila njia. Anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, ndoa wanayoiita nyumba ntobhu, na watoto watakaozaliwa wakawa wa ukoo wa marehemu na wakarithi shamba. Mokami alikuwa ameshampata binti, mpole na mchapakazi, na wazazi wake walikuwa wamekubali maneno ya kwanza. Ng'ombe wangenunuliwa kwa kuuza miti ile, na shamba lingetoka kwa Ezra. Selestine alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiyo sababu aliwahi na msumeno wa mnyororo.

Mokami akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alikuja na wazee, wakautembea mpaka kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukweli ni kwamba uliwapendeza. Walikuwa wamezoea mipaka inayozungukazunguka mawe, ambayo kila mwaka huzaa ugomvi. Walikwenda karakana pia wakaliona banzi jingine, maana Mseti alikuwa amechana ubao wa pili, na kwenye magome yake viazi vitamu vilikuwa vimetambaa. Wote walikubali kwamba vilikuwa viazi vya Mokami. Mzee mmoja alivitambua kwa mbegu.

"Lakini Selestine hakuhamisha kisiki," alisema mwenyekiti. "Hakushika hata jembe. Yeye alipeleka mbao kwa fundi, na mbao ni zake kwa kuwa yeye ndiye aliyezikata."

"Miti alipanda nani?" Mokami aliuliza.

"Miti haipo tena, mama. Tunazungumzia mbao."

Wakamshukuru kwa uji, wakaenda zao.

Mseti alikuwa na moyo, na moyo ulimsumbua. Alimfuata Selestine kwenye ujenzi akamwomba mbao zilizobaki azitumie hivyohivyo, na kupinda kwake, kwa kazi ya ndani isiyoonekana.

"Mura," Selestine alimwambia, kwa upole kabisa, "mimi nimekuletea mbao. Mambo ya ardhi yana watu wake. Kama kuchana kumekushinda, mashine ziko tele Sirari."

Mseti akarudi karakana. Alijua kwamba Sirari mabanzi hayachukuliwi na kina mama. Yanapakiwa kwenye gari na kupelekwa kwenye matanuri ya matofali. Basi akaendelea kuchana. Aliona aibu kila alipowasha mashine, na aliiwasha. Mokami naye alikuja kila aliposikia msumeno, akabeba kilichokuwa chake: kipande cha muhogo, kipande cha ulezi, kipande chenye lile jiwe ambalo mabinti zake walikuwa wakilikalia walipokuwa wadogo. Hakuchoma hata kimoja. Aliyaegemeza mabanzi kwenye ukuta wa jikoni, akapikia mabua na samadi kavu, na moshi wake ukamtoa machozi kila siku.

Ukabaki ubao mmoja, uliopinda kuliko yote. Mokami aliusoma kwa vidole, akafika katikati ya mpindo, akaviacha pale.

"Hapa ndipo alipo Ezra," alisema.

Mseti alijua. Alikuwapo siku ya mazishi, na jeneza alilitengeneza yeye. Ezra aliomba azikwe mpakani, kwenye kona ya mwisho, ili awe karibu na miti yake.

"Usiuchane, mwanangu."

"Nisipouchana mimi, mama, utaenda Sirari."

Mokami aliendelea kushika pale katikati, na Mseti akamwacha ashike mpaka alipotosheka. Kisha akamchukua Mchungaji. Safari hii hakumpigilia karibu na magome kama anavyofanya fundi anayetaka kuokoa mbao. Alimsogeza ndani sana, mpaka msumeno ulipopita mbali na kaburi, na banzi lililoanguka lilikuwa nene kupita ubao wenyewe. Aliusukuma polepole, kwa kuogopa kumtikisa marehemu.

Banzi lile halikubebeka kwa mtu mmoja. Walilibeba wawili, Mseti mbele na Mokami nyuma. Njiani wanaume waliokuwa kwenye kijiwe cha bodaboda walisimama na kuvua kofia. Mama muuza dagaa alisema, "Pole, Mama," na Mokami akamjibu kwamba ameshapoa, maana mazishi haya yalikuwa ya pili.

Selestine aliupokea ubao wake mwembamba, akaugeuzageuza, akasema utafaa kwa mlango wa stoo.

Wazazi wa yule binti walikuja kuona shamba kabla ya kukamilisha maneno. Mokami aliwaonyesha lililobaki nje, ukanda wa mteremko wenye mawe, kisha akawaingiza jikoni akawaonyesha lililobaki ukutani. Walikuwa watu wenye adabu. Waliisifu migomba, ambayo ilikuwa imezaa ndizi za ukubwa wa kucha, wakasema watakwenda kufikiri. Baada ya mavuno binti aliolewa Kerende.

Jumapili moja baada ya ibada, Mseti alipita kumsalimia Mokami. Alimkuta jikoni, ameshika mkasi, akipunguza nyasi juu ya Ezra. Msalaba ulikuwa wima kati ya magome, mdogo kama njiti ya kiberiti, na alikuwa ameupaka chokaa. Akamkaribisha Mseti kigoda na kumwekea uji wa ulezi. Ulezi ulikuwa wa ukutani na ulijaza kikombe kimoja tu, kwa hiyo yeye hakunywa.

"Fundi," alisema, "mimi siku yangu ikifika, mtaniweka wapi?"

Mseti alishusha kikombe. Akaenda ukutani, akafumba jicho moja, akalichungulia lile banzi nene kutoka ncha moja hadi nyingine. Akatoa futi mfukoni, akapima kutoka kaburini hadi mahali msumeno ulipopita, akapima tena.

"Ukilala ubavu, mama, patatosha."

Mokami akafikiri kidogo, akaendelea na nyasi zake.

"Nimezoea," alisema. "Kitanda chetu kilikuwa chembamba."

Ng'ambo ya mpaka mtu alifunga mlango wa Selestine. Mseti aliutambua kwa sauti. Ulifunga vizuri, bila kukwaruza chini.