Chuma cha Nyuma Kisicho na Mahali pa Mguu

Maneno yalianzia sokoni, kwa wauza sombe, yale majani ya muhogo, na Godelieve alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni: ati kwenye barabara ya Kasai, pale magari yanapopunguza mwendo, vijana huyarukia kwa nyuma. Wanakanyaga pare-choc, kile chuma cha kukinga gari nyuma, wanafungua mlango, wanatupa chini kila kitu. Mara moja, banasema, walitupa hata mtoto.

Ulikuwa mwaka ule wa kufukuzana, watu wa asili ya Kasai walipoambiwa Kolwezi si kwao, hata wale waliozaliwa hapo hapo. Muamba alikuwa mmoja wao. Alikuwa soudeur, fundi wa kuunga chuma kwa moto, na mume wa Blandine, bintiye Godelieve. Kituo cha treni kilijaa watu waliongoja behewa majuma na majuma, basi Muamba akaamua kuondoka na jeep yake kuukuu. Mbele wangekaa yeye na Blandine. Nyuma, juu ya mizigo, binti yao Darlène wa miaka minne. Hapo ndipo roho ya bibi ilipokwama.

Pare-choc ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, na Muamba alikuwa akiunda nyingine kwa mikono yake, kwa bomba nene na mabamba ya karakana iliyofungwa. Ilipendeza: mahali pa bidoni mbili za mafuta, mahali pa gurudumu la akiba, na chini ngazi pana ya kupandia.

Ngazi hiyo! Lakini Godelieve atasemaje? Kwa heshima ya bukwe, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawatajani majina. Akakaa mbali, akampa mgongo, akasema na kuku.

"We kuku, ile ngazi ni ya Blandine, ao ni ya bale bavulana ba barabara?"

Muamba akaigeukia nyundo yake. "Nyundo, umuambie kuku: pare-choc bila ngazi iko kama nyumba bila mulango."

"Mulango ya mwizi tunaiziba na matofali. Kuku ndiye anasema."

Blandine, aliyekuwa akichambua maharagwe, akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Mi niko hapa, batu bazima, munasemesha kuku!"

Godelieve akanyoosha kidole kwenye kibanda cha kuku. "Kuku, juu ya ukuta unalala. Juu ya paa yenye kuinama, unalala?"

Muamba aliitazama ile paa, kisha akachukua chaki, akachora mstari kwenye ngazi. Kesho yake ngazi ilikatwa. Mahali pake akaweka bamba lililoinama, laini, lisiloshika unyayo. Gurudumu la akiba akalitia kwenye mkono wa chuma unaozunguka, likaziba mlango, na pini ya kuufungulia mkono ule akaiweka upande wa ndani wa gari.

"Nyundo, umuambie kuku yeye ni ingénieur."

Godelieve akaficha kicheko ndani ya kitenge.

Siku ya tatu jirani alikuja mbio: mtaa wa pili wameanza kutoa watu nyumbani. Muamba alikuwa amepanga kuifunga pare-choc kwa boloni, zile bolti za kukazwa kwa funguo, lakini kutoboa chasi ni kazi ndefu. Moto ni wa haraka. Akaingia chini ya jeep na mashine yake. Tangi ya mafuta ilikuwa shubiri moja tu kutoka mkono wake, na asubuhi ile ile alikuwa ameijaza mpaka ikamwagika.

Godelieve alisikia harufu. Akatafuta kuku wa kumwambia. Kuku hakuwapo.

"Muamba!" akapiga kelele. "Muamba, wacha! Mafuta!" Akang'oa waya wa mashine, akamshika mguu, akamvuta nje kama gunia la makaa.

Amemtaja. Amemshika. Walitazamana usoni kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na Godelieve akaona kwamba kijana huyu ana kovu kwenye nyusi, naye hakulijua.

"Mama," Muamba akasema, "bukwe ikivunjika inalipwa mbuzi. Ni mi nitalipa, ao ni wewe?"

"Utalipa kwa kufika."

Muamba akatoboa chasi kwa mkono, tundu baada ya tundu. Boloni nane, na kwa kila boloni mama mkwe alishika funguo upande wa pili, magoti kwenye vumbi, akimgombeza kwa jina lake sasa bila haya. Saa kumi alasiri waliondoka, Godelieve akabaki.

Baada ya majuma matano dereva wa lori alileta barua yao. Mahali pawili walirukiwa. Kijana wa kwanza aliteleza akakaa kwenye matope, wenzake wakamcheka. Wa pili alishika gurudumu, mlango haukufunguka, akaliachia. Wamefika Mwene-Ditu, huko Kasai, wote watatu.

Familia nyingine bado zilikuwa zinafunga mizigo. Godelieve akaandika karatasi, akaibandika mlangoni mwa parokia:

Musiweke ngazi nyuma ya gari, wala kitu chochote cha kukanyaga.
Musiache pini ya mulango nje.
Musiunge chuma kwa moto karibu na tangi, ikiwa imejaa ao ikiwa tupu.
Musikalishe mutoto karibu na mulango wa nyuma.
Musifungie bidoni ya mafuta ndani pamoja na batu.
Musinyamaze kwa sababu ya bukwe.
Musipitishe siku ya kwanza bila kukaza boloni tena.